Archie Cochrane: daktari aliyetaka kila tiba ipimwe kabla ya kulipiwa

Tukizungumzia zahanati na hospitali za umma hewani, simu nyingi hulalamikia jambo moja: fedha hazitoshi. Ni kweli. Ila kuna swali jingine lisiloulizwa sana: hizo chache zilizopo zinanunua nini? Daktari Archie Cochrane aliling'ang'ania swali hilo karibu maisha yake yote.

Alizaliwa mwaka 1909 Galashiels, Scotland. Akiwa bado mwanafunzi wa udaktari alikwenda Hispania kuhudumia majeruhi wa vita. Katika Vita Kuu ya Pili Wajerumani wakamteka kisiwani Krete, mwaka 1941, wakampeleka kambi ya wafungwa Salonika, Ugiriki. Huko akawa daktari wa mateka wenzake.

Njaa ilikuwa kali, na miguu ya wafungwa ikaanza kuvimba. Cochrane alishuku upungufu wa vitamini. Akapata hamira kwa magendo, akawagawa wagonjwa 20 makundi mawili: hawa hamira, wale vitamini C. Siku ya nne waliokula hamira walikuwa na nafuu. Akawapelekea Wajerumani matokeo hayo, nao wakaleta hamira zaidi. Baadaye yeye mwenyewe alikiri kuwa jaribio lile lilikuwa dogo na lenye kasoro.

Mwaka 1948 alianza utafiti Wales, kwenye mapafu ya wachimba makaa ya mawe. Mwaka huohuo Uingereza ilianzisha huduma ya afya ya taifa, inayolipiwa kwa kodi. Cochrane aliipenda huduma ile, na ndiyo maana aliibana. Fedha ikilipia tiba isiyofaa, mgonjwa mwingine ameikosa. Ndivyo ilivyo hata kwetu: antibiotiki haitibu mafua ya kawaida, lakini bei yake ingeweza kununua dawa ya malaria ya mtoto.

Wakubwa wa tiba hawakumpenda sana. Wakati mmoja mshtuko wa moyo ulikuwa ukilinganishwa: mgonjwa alazwe wodi maalumu ya gharama kubwa, au atibiwe nyumbani? Matokeo ya mwanzo yalionyesha vifo vya hospitalini vimezidi kidogo, tofauti ndogo isiyothibitisha lolote. Cochrane akayageuza makusudi, akawaonyesha madaktari wa moyo kwamba nyumbani ndiko kubaya. Wakamjia juu, wakataka jaribio lisimamishwe mara moja. Ndipo akawapa takwimu halisi na kuwauliza kama sasa wodi zao zifungwe. Kimya. Tunaona hila ile ilikuwa kali, lakini ilifichua kipimo kilichokuwa kikipinda.

Mwaka 1972 alitoa kitabu kidogo, *Effectiveness and Efficiency*. Alitaka tiba zijaribiwe kwa wagonjwa waliogawanywa kwa kura, kisha gharama itazamwe pamoja na faida.

Mwaka huohuo lilichapishwa jaribio la sindano ya bei nafuu, anayopewa mama mwenye dalili za kujifungua kabla ya wakati ili mapafu ya mtoto yakomae. Majaribio mengine yalifuata, ila kwa miaka mingi hakuna aliyeyajumlisha, na madaktari wengi hawakuitoa. Cochrane alifariki mwaka 1988. Mtandao wa watafiti wenye jina lake, ulioanzishwa mwaka 1993 kufanya kazi hiyo ya kujumlisha, umeweka matokeo ya sindano ile ndani ya nembo yake.