DAKTA CHARLES DREW: MTU ALIYEIWEKEA BENKI YA DAMU UTARATIBU

Katika Hospitali ya Urafiki wa China na Uganda iliyoko Naguru, mjini Kampala, ambayo ilifunguliwa mwaka 2012, mama anayevuja damu baada ya kujifungua, mtoto aliyeishiwa damu kwa sababu ya malaria, na majeruhi aliyeokotwa barabarani, wote hao uhai wao huweza kutegemea mfuko mmoja wa damu. Mfuko huo ni kitu kidogo kwa macho. Lakini nyuma yake pana msururu mrefu wa watu: aliyejitolea kuitoa damu, aliyemhoji na kumpima, aliyeichunguza damu yenyewe, aliyeiandikia namba, aliyeihifadhi penye baridi na aliyeisafirisha. Mmoja wao akizembea, dawa hugeuka kuwa sumu.

Hapana shaka wengi wetu hatujapata kujiuliza ni nani aliyeufunga mnyororo huo pingu kwa pingu. Waliofanya kazi hiyo ni wengi, katika nchi nyingi. Lakini mmoja wa walio mbele kabisa ni Dakta Charles Richard Drew, Mmarekani Mweusi, aliyefariki mwaka 1950. Maisha yake yanafaa kujulikana na kila mtu anayetoa damu, anayeipokea, au aliyekabidhiwa dhamana ya kuisimamia.

Kuzaliwa na Elimu

Charles Drew alizaliwa tarehe 3 Juni 1904 katika jiji la Washington. Baba yake alikuwa fundi wa kutandika mazulia, na mama yake alikuwa amesomea ualimu. Hawakuwa matajiri, wala hawakuwa watu wa kuomba. Mwaka 1920 dada yake aliyeitwa Elsie alifariki kwa homa ya mafua, naye tayari alikuwa na kifua kikuu. Msiba huo ulimfanya kijana Drew aanze kuyatazama maradhi kwa jicho la mtu anayetaka kujua sababu.

Shuleni alivuma kwanza kwa michezo. Ufundi wake katika riadha na mpira ndio uliomsaidia kupata nafasi katika Chuo cha Amherst, ambako alihitimu mwaka 1926. Fedha za kusomea udaktari hakuwa nazo. Kwa hiyo alifundisha kwa miaka miwili katika Chuo cha Morgan mjini Baltimore, akawa mwalimu wa sayansi na msimamizi wa michezo, huku akiweka akiba. Vyuo vya udaktari nchini Marekani siku hizo viliwapokea watu weusi wachache mno. Drew akaenda Canada, katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, na mwaka 1933 akahitimu akiwa wa pili katika darasa la wanafunzi 137.

Huko McGill alikutana na mwalimu mmoja Mwingereza, John Beattie, aliyekuwa akichunguza habari za kuwaongezea damu wagonjwa. Urafiki wa wawili hao ulikuja kuzaa matunda baada ya miaka michache, wakati wa vita.

Elimu ya Damu Ilipofikia

Yafaa tukumbuke hali ilivyokuwa zama hizo. Mwaka 1901 Karl Landsteiner wa Vienna alikuwa ameeleza makundi ya damu, na tangu wakati huo madaktari wakafahamu kwa nini damu ya mtu mmoja humponya huyu na kumwua yule. Katika Vita Kuu ya Kwanza ikajulikana dawa ya kuizuia damu isigande, hata ikawezekana kuiweka kwa muda. Mwaka 1937 Dakta Bernard Fantus alianzisha ghala la damu katika hospitali moja ya Chicago, akaliita benki. Hata hivyo damu iliyohifadhiwa ilikuwa ikiharibika baada ya siku chache, na kila hospitali ilifuata desturi yake.

Mwaka 1938 Drew, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Howard, alipata msaada wa masomo akaenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Akiwa pamoja na Dakta John Scudder alichunguza kwa makini kinachoiharibu damu inapowekwa: chombo kinachofaa, baridi inayotakiwa, mtikisiko wa safari, na vijidudu vinavyojipenyeza. Mwaka 1939 walifungua benki ya damu ya majaribio. Mwaka 1940 Drew alitunukiwa shahada ya juu ya udaktari kwa tasnifu yake juu ya damu iliyohifadhiwa, akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuipata shahada hiyo chuoni hapo.

Damu kwa Ajili ya Uingereza

Mwaka huo huo ndege za Ujerumani zilikuwa zikiishambulia London, na majeruhi walikuwa wengi kupita kiasi. Wakazi wa New York walijitokeza kutoa damu ili wawasaidie. Damu yenyewe isingeweza kuvuka bahari salama, basi ikaamuliwa ipelekwe plazma, yaani yale maji ya manjano yanayobaki chembe za damu zikiondolewa. Plazma hukaa muda mrefu zaidi, na iliyochanganywa kutoka kwa watu wengi iliweza kutumiwa bila kungoja kulinganisha makundi.

Nia ilikuwa njema, lakini matokeo ya kwanza yalitia hofu. Hospitali kadhaa zilikuwa zikishiriki, na kila moja ilikuwa na namna yake ya kutoa, kutenganisha na kufunga. Baadhi ya plazma ikaonekana ina vijidudu. Fikiria jambo hilo: mtu katoa damu yake kwa mapenzi, ikasafirishwa kwa gharama katikati ya bahari yenye manowari za adui, kisha ikafika ikiwa na hatari ya kumwua yule iliyekusudiwa kumwokoa.

Ndipo Drew alipoitwa kuwa msimamizi wa kitabibu wa mpango huo, mwishoni mwa Septemba 1940. Mwalimu wake wa zamani, Beattie, aliyekuwa sasa London, ni miongoni mwa waliomtegemea. Drew hakuanza kwa kutafuta watoaji wengi zaidi. Alianza kwa kuweka kanuni. Vyombo vikawa vya aina moja na njia ya kuvisafisha ikawa moja. Kila mtoaji alipimwa afya kabla ya kutoa. Plazma ilichunguzwa zaidi ya mara moja, na hakuna chupa iliyoruhusiwa kupanda meli kabla ya maabara kutoa kauli. Kumbukumbu ziliandikwa, ili kasoro ikitokea ijulikane imeingilia wapi. Juu ya hospitali zote palikuwa na bodi ya wataalamu ya kuangalia na kuamua.

Mpango huo ulipomalizika Januari 1941, watu zaidi ya 14,000 walikuwa wametoa damu, na lita zaidi ya 5,000 za plazma zilikuwa zimepelekwa Uingereza. Askari yeyote atalitambua somo hili. Ushujaa wa wapiganaji bila utaratibu wa ugavi huishia kuwa hasara. Na ukarimu wa watoaji damu bila nidhamu ya usimamizi huishia vivyo hivyo.

Kanuni Isiyo na Elimu Ndani Yake

Februari 1941 Drew aliwekwa katika uongozi wa benki ya damu ya majaribio ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani mjini New York. Hapo ilitengenezwa plazma kavu kwa ajili ya majeshi, na yakatumika magari ya kuwafuata watoaji damu mahali walipo. Mwezi wa Aprili alirudi Howard kufundisha upasuaji, kama alivyokuwa amepanga.

Kabla mwaka haujaisha likatokea jambo la aibu. Kwa matakwa ya wakuu wa jeshi, ilitangazwa kwamba watu weusi hawatapokewa kutoa damu. Malalamiko yalipozidi, Januari 1942 walikubaliwa, ila damu yao itengwe na ya weupe. Hivyo mtu aliyeijenga kazi hiyo angeweza kutoa damu yake kwa masharti ya kubaguliwa tu.

Drew alisema wazi kwamba hakuna ushahidi wowote wa sayansi unaotofautisha damu ya mtu kwa rangi ya ngozi yake. Hapo ndipo penye kiini cha maisha yake. Benki ya damu haina budi kukataa baadhi ya watoaji. Asiyekataa mtu yeyote anahatarisha wote. Lakini sababu ya kukataa iwe hatari iliyopimwa, kama vile ugonjwa au udhaifu wa mtoaji. Kukataa kwa rangi, kabila au dini kulivikwa vazi la tahadhari, kumbe hakukumlinda mgonjwa hata mmoja, bali kulipunguza chupa ghalani wakati majeruhi wakingoja. Msalaba Mwekundu wa Marekani uliacha kutenga damu kwa rangi mwaka 1950, na baadhi ya majimbo ya Kusini yalishikilia sheria za namna hiyo kwa miaka mingi baadaye.

Siku za Mwisho

Miaka yake tisa ya mwisho Drew aliitumia kuwafunza madaktari vijana weusi kazi ya upasuaji katika Hospitali ya Freedmen's. Mwaka 1944 alitunukiwa Nishani ya Spingarn. Chama cha Madaktari cha Marekani hakikumpokea mpaka anakufa, kwa sababu tawi la mji wake halikuwapokea weusi.

Tarehe 1 Aprili 1950 alikuwa akisafiri kwa gari pamoja na madaktari watatu kwenda Tuskegee, Alabama, kutibu watu bila malipo. Alikuwa amechoka, usingizi ukamchukua akiwa usukani karibu na Burlington, North Carolina. Uvumi ulienea kwamba alikufa kwa kunyimwa damu hospitalini kwa sababu ya rangi yake. Habari hiyo si kweli. Madaktari weupe wa hapo walijitahidi kumwokoa, ila majeraha yalikuwa makubwa mno. Alikuwa na umri wa miaka 45, akaacha mjane na watoto wanne.

Funzo Kwetu

Uganda imelijua funzo hili kwa machungu. Benki ya Damu ya Nakasero, iliyoanza zamani za ukoloni kwa msaada wa Msalaba Mwekundu, ilidhoofika katika misukosuko ya miaka ya 1970. Ukimwi ulipotokea nchini katika miaka ya 1980, damu isiyopimwa ikawa mlango wazi wa maambukizo. Mwishoni mwa miaka hiyo, kwa msaada wa Jumuiya ya Ulaya, Nakasero ilifufuliwa. Upimaji ukawa sharti, na mtoaji wa hiari asiyelipwa akawa ndiye nguzo. Baadaye vikafunguliwa vituo vya mikoa kama Gulu, Mbale, Mbarara, Arua na Fort Portal. Damu hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende.

Lakini ghala hilo limewategemea sana wanafunzi, na shule zikifungwa, akiba hupungua. Maradhi hayajui likizo. Basi mtu mzima mwenye afya asimwachie mwanafunzi peke yake mzigo huu. Na aliyekabidhiwa kalamu, friji au ufunguo wa ghala la damu akumbuke kwamba yule mama wa Naguru hatamwona kamwe, wala hatajua jina lake. Usalama wa mama huyo umo katika jambo dogo ambalo mtu huyo atalifanya vizuri hata pasipo mtu wa kumtazama. Haba na haba hujaza kibaba. Na katika damu, kila haba lazima iwe safi.