Boyd Orr, tabibu aliyepima kazi ya mafuta katika chakula cha mtoto

WATAFITI walipoingia katika shule 12 za msingi za Kyeni Kusini, Embu, mwaka 1998, walibeba swali lililokuwa limeulizwa Scotland miaka 70 hivi awali: mtoto mwenye lishe duni aongezewe mafuta, maziwa au nyama? Aliyelipima swali kama hilo mapema alikuwa John Boyd Orr.

Alizaliwa Kilmaurs, Scotland, Septemba 23, 1880. Alisomea ualimu, lakini katika shule ya mtaa wa makabwela jijini Glasgow alikuta wanafunzi wenye njaa na nguo mbovu, akaiacha upesi. Baadaye alihitimu udaktari, na tangu 1914 akaongoza Taasisi ya Rowett, Aberdeen, iliyochunguza lishe ya mifugo. Ndiyo, elimu yake kuhusu chakula cha binadamu ilianzia zizini.

Katika miaka ya 1926 na 1927 aliwagawa wanafunzi wa miji ya Scotland na Belfast katika makundi. Wengine walipewa maziwa kamili, wengine maziwa yaliyoondolewa malai, wengine biskuti zenye nguvu sawa, na wengine hawakuongezewa chochote. Baada ya miezi saba, wanywaji wa maziwa walikuwa wamekua kwa kasi zaidi kwa takriban asilimia 20. La ajabu ni kwamba waliokunywa maziwa yasiyo na malai hawakuachwa nyuma. Si kwamba mafuta hayana kazi: gramu moja hutoa kalori tisa, ilhali ya wanga au protini hutoa nne, na vitamini A, D, E na K huhitaji mafuta ili ziingie mwilini. Lakini mafuta pekee hayajengi misuli.

Matokeo ya Embu yalikaribiana na hayo. Watoto wote waliopewa githeri, iwe yenye mafuta, nyama au ikiandamana na maziwa, waliongeza uzito kuliko wasiopewa. Hata hivyo, waliokula nyama ndio walioongoza kwa misuli na katika majaribio ya akili, nayo maziwa yakawarefusha wadogo waliokuwa wamedumaa.

Kenya haikuwa ngeni kwa Boyd Orr. Mwaka 1931, yeye na John Gilks, mkuu wa idara ya tiba ya koloni, walichapisha ulinganisho wa Wamaasai, walaji wa maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu waliotegemea nafaka na viazi. Wanaume wa Kimaasai waliwazidi wenzao kwa wastani wa sentimita 13 na kilo 10. Wachambuzi wa baadaye waliulaumu utafiti huo kwa kurahisisha mno mambo, na lawama hiyo ina uzito: mwili wa mtu hauelezwi na chakula pekee, bali pia na maradhi na ardhi.

Mwaka 1936 alionyesha kwamba takriban nusu ya Waingereza hawakumudu chakula cha kutosha kwa afya. Aliliongoza Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kuanzia 1945 hadi 1948, akatunukiwa Nobeli ya Amani mwaka 1949 na kuzigawa fedha zake kwa mashirika ya amani. Alifariki Scotland, Juni 25, 1971, akiwa na umri wa miaka 90.