Jeanne d'Arc: Binti aliyempa mfalme taji, kisha akarukwa futi mia

UKIPATA nafasi ya kwenda Ufaransa likizoni, usikwamie Paris tu ukipiga picha. Panda treni, safari ya kama saa moja hivi kuelekea kusini, ushuke Orléans kando ya Mto Loire. Bonde la mto huu limejaa makasri ya kifalme na miji mikongwe, na tangu 2000 sehemu yake kubwa imo kwenye orodha ya Unesco ya turathi za dunia.

Katikati ya mji utamwona msichana wa shaba juu ya farasi. Huyo ni Jeanne d'Arc, wengi tunamjua kama Joan of Arc. Alipoingia mji huu alikuwa na miaka 17 hivi. Hebu fikiria, rika la Kidato cha Tatu!

Jeanne alizaliwa takriban 1412 katika kijiji cha Domrémy, mashariki mwa Ufaransa. Babake alikuwa mkulima na yeye hakujua kusoma. Waingereza pamoja na washirika wao wa Burgundy walikuwa wameteka Paris na sehemu kubwa ya kaskazini. Mrithi wa ufalme, Charles, alikuwa amejibanza kwenye makasri ya huku Loire, hajatawazwa na mfuko umetoboka.

Akiwa na miaka 13 hivi, Jeanne alianza kusema anasikia sauti za watakatifu, na baadaye zikamtuma aikomboe nchi. Alimwendea kamanda wa mji wa Vaucouleurs amwombe walinzi. Akafukuzwa. Akarudi tena na tena, mpaka mzee akalegea. Februari 1429 akavaa nguo za kiume, akapanda farasi na wanaume sita, wakasafiri siku 11 hadi Kasri la Chinon, ambalo hata leo unaweza kulitembelea.

Usidhani Charles alimwamini papo hapo. Alimpeleka Poitiers akahojiwa na wasomi wa dini kwa wiki kadhaa. Alipopita mtihani huo, alitengenezewa vazi la chuma mjini Tours, akaungana na jeshi huko Blois.

Orléans ilikuwa imezingirwa tangu Oktoba 1428. Jeanne aliingia Aprili 29, 1429. Mei 7 alichomwa mshale kati ya shingo na bega, akatibiwa, kisha akarudi vitani siku iyo hiyo. Kesho yake Waingereza wakafungasha virago. Julai 17, Charles akatawazwa mjini Reims, Jeanne akiwa amesimama karibu naye na bendera yake mkononi.

Hapo ndipo mambo yalianza kwenda mrama. Jeanne alitaka vita viendelee, lakini mfalme sasa alipendelea mazungumzo. Shambulio la Paris likafeli. Mei 23, 1430 Jeanne alikamatwa na watu wa Burgundy huko Compiègne, wakamuuza kwa Waingereza kwa pauni 10,000 za Kifaransa za enzi hizo.

Na Charles je, aliyevishwa taji kwa jasho la binti huyu? Kimya. Hakulipa fidia ya kumwokoa.

Kesi ilifanyika Rouen chini ya Askofu Pierre Cauchon, aliyeegemea upande wa Waingereza. Jeanne hakuwa na wakili. Moja ya makosa aliyobebeshwa ni kuvaa nguo za kiume. Mei 30, 1431 alichomwa moto hadharani akiwa na miaka 19 hivi, na majivu yake yakatupwa mtoni Seine.

Mwaka wa 1456 kesi hiyo ilibatilishwa, Charles mwenyewe akiwa ameagiza uchunguzi. Kumbe naye alikuwa na sababu: ungekuwa mfalme, ungetaka isemwe kuwa taji lako uliletewa na mzushi? Mwaka wa 1920 Kanisa Katoliki likamtangaza mtakatifu.

Ukienda Orléans mapema mwezi Mei utakuta mji mzima ukimsherehekea. Furahia gwaride, lakini pia ujiulize swali moja. Wakubwa wanapokusifu na kukusukuma mstari wa mbele, ni nani kati yao atakayekuja kukutoa ukishikwa? Jeanne alijua jibu akiwa gerezani, na wakati huo alikuwa amechelewa.