Mackay wa Usambiro

Alexander Mackay, mhandisi wa Uskoti, alifika Buganda mwaka 1878. Mwaka 1885 na 1886 vijana aliowafundisha waliuawa kwa ajili ya imani. Mwaka 1887 akahamia Usambiro, upande wetu huu wa Ziwa. Mwaka uliofuata Askofu Parker akafia pale. Stanley alipopita mwaka 1889 alimsihi waondoke pamoja. Akakataa, maana hapakuwa na wa kushika nafasi yake. Februari 1890 homa ikamwua, mwenye miaka 40.

Twamheshimu. Lakini sisi walimu wastaafu twajua: usingizi ukipotea, hasira ikiwa karibu, hata sala ikiwa nzito, moyo umechoka. Tupokeane mizigo kabla mwenzetu hajaanguka.