Mzungu Aliyetamka Shahada Akafa Mchawi

Kila mwaka, ifikapo tarehe 22 Septemba au karibu yake, mchana na usiku hulingana urefu, na katika nchi za Ulaya na Marekani ya Kaskazini majani ya miti huanza kugeuka rangi na kupukutika. Wakati huo wapo watu huko, wasomi na wafanyakazi wa maofisini, ambao hutandika meza ya matufaha, zabibu, maboga na mikate, wakawasha mishumaa, wakasimama duara, wakamshukuru mungu wa kike na mungu wa kiume mwenye pembe kwa mavuno ya mwaka. Watu hao hujiita wachawi, wala hawaoni haya kujiita hivyo. Dini yao huitwa Wicca. Ukiwauliza asili ya sikukuu hiyo, wengi watakuambia kuwa ni ya kale na kale, ilikuwako kabla ya Nabii Issa.

Leo nataka kueleza maisha ya mtu aliyeieneza dini hiyo ulimwenguni, na nina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba vijana wetu waendao ng'ambo kusoma au kufanya kazi hukutana na mambo haya, na ni vyema wajue yametoka wapi. Ya pili ndiyo iliyonigusa zaidi. Mtu huyu aliwahi kutamka shahada, na kaburi lake liko Tunis, katika nchi ya Kiislamu. Jina lake ni Gerald Brosseau Gardner.

Mtoto wa pumu

Gardner alizaliwa tarehe 13 Juni 1884 huko Blundellsands, karibu na bandari ya Liverpool, Uingereza. Jamaa zake walikuwa matajiri wa mbao. Kampuni yao iliingiza miti migumu kutoka nchi za mbali. Lakini utajiri haukumpa pumzi. Alikuwa na ugonjwa wa pumu tangu utotoni, na baridi ya kwao ilimwelemea. Basi wazazi wakamkabidhi kwa yaya, naye akawa akimzungusha katika nchi za joto: visiwa vya Kanari, Madeira, hata Gold Coast ambayo leo ni Ghana.

Shule hakwenda. Kusoma alijifundisha mwenyewe kwa kupekua majarida, na mpaka uzeeni tahajia yake ilikuwa mbovu. Yule yaya alipoolewa na mkulima wa chai wa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kijana akafuatana naye. Huo ulikuwa mwaka 1900, naye ana miaka 16. Kutoka mashamba ya chai alikwenda Borneo kwenye mashamba ya mpira, na kutoka Borneo akahamia Malaya. Mwaka 1923 aliingia kazi ya serikali ya kikoloni huko Johor, kwanza akiwa mkaguzi wa mpira, baadaye katika forodha, akisimamia pia biashara ya afyuni. Huko akakaa hadi alipostaafu mwaka 1936.

Kila alikofika, Gardner alikuwa mkusanyaji. Alikusanya visu, hirizi, sarafu za kale na habari za mizimu. Jambia la Kimalay liitwalo keris lilimpendeza mno hata akaliandikia kitabu kilichotoka mwaka 1936, na kitabu hicho kilimpa heshima mbele ya wataalamu. Lau angeishia hapo, leo angekumbukwa kama mtumishi wa serikali aliyependa mambo ya kale.

Shahada ya Malaya

Katika Malaya alikuwako Mmarekani mmoja aitwaye Cornwall, ambaye alikuwa amesilimu na kuoa mwanamke wa Kimalay. Huyo ndiye aliyemjulisha Gardner kwa wenyeji, na ndiye aliyemwalika atamke shahada. Gardner akaitamka. Kwa habari zilizoandikwa juu ya maisha yake, tamko hilo lilimfungulia milango ya nyumba za watu. Wakamwamini, wakamweleza mambo ambayo mgeni haelezwi. Lakini hakuwa Muislamu wa vitendo, hapo wala baadaye.

Mimi nimelifikiri sana jambo hili. Shahada ni maneno machache, lakini kwetu ndiyo yanayoingizwa katika sikio la mtoto mchanga kwa adhana, na ndiyo yanayotamkiwa mtu anayekata roho. Gardner aliyatumia kama mtu atumiavyo ufunguo. Alipokwisha kuingia, ufunguo akauweka kando pamoja na majambia yake. Yaliyokuwa moyoni mwake anayajua Mola peke yake. Ninalosema mimi ni lile lililoonekana.

Wala tusidhani kwamba alikosa cha kutazama. Wamalay ni Waislamu, lakini katika miaka ile mashamba yao ya mpunga yalikuwa na mila nzito. Kabla ya kuvuna, mganga wao aitwaye pawang alikwenda shambani, akakata masuke saba ya kwanza, akayafunga kwa nguo kama mtoto mchanga, yakapelekwa nyumbani kwa heshima, kwa imani kwamba ndani yake imo roho ya mpunga. Katika maneno ya pawang, jina la Mwenyezi Mungu liliambatana na majina ya mizimu. Tusiwacheke. Huku kwetu nako wapo waganga wanaoanza kwa Bismillahi na kumalizia kwa majini.

Kilinge cha msituni

Gardner alirudi Uingereza, na mwaka 1938 akahamia Highcliffe, karibu na msitu uitwao New Forest. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwezi wa Septemba 1939 aliingizwa katika kilinge cha wachawi waliosalia wa dini ya kale. Zamani hizo nadharia ya mtaalamu Margaret Murray ilikuwa imeenea: kwamba wale waliouawa Ulaya kwa tuhuma za uchawi walikuwa wafuasi wa dini ya rutuba ya ardhi iliyokuwako kabla ya Ukristo. Wanahistoria wa leo wameikataa nadharia hiyo kwa kukosa ushahidi, lakini Gardner aliishika kwa mikono miwili.

Mwaka 1947 alijuana na Aleister Crowley, Mwingereza mwingine aliyetajika kwa mambo ya siri, aliyekufa mwaka huohuo. Mwishoni mwa mwaka Gardner akavuka bahari kwenda Memphis, Marekani, kwa jamaa zake, na katika safari hiyo akafika New Orleans kwa tamaa ya kujifunza mambo ya Vodu.

Hapa yanipasa nieleze Vodu ni nini. Waafrika waliochukuliwa utumwani kutoka Dahomey, Kongo na kwingineko walipelekwa katika koloni la Ufaransa lililoitwa Saint-Domingue, wakalimishwa miwa na kahawa. Miongoni mwao walikuwamo hata Waislamu. Katika mateso hayo walichanganya mizimu ya makwao na watakatifu wa Kikatoliki, na dini hiyo ikawa nguzo yao. Mwezi wa Agosti 1791 waliasi, na tarehe 1 Januari 1804 wakatangaza nchi huru ya Haiti. Katika misukosuko hiyo wakimbizi zaidi ya 9,000 waliokuwa wamehamia Cuba waliingia New Orleans kuanzia mwaka 1809, mabwana na watumwa pamoja, na Vodu ikapata nguvu huko.

Nayo Vodu ina mavuno yake. Viazi vikuu vipya vinapochimbwa Haiti hufanywa karamu. Mizimu na wazee waliokufa hupewa kwanza, kisha walio hai hula. Desturi hii asili yake ni Afrika Magharibi. Tarehe 1 na 2 Novemba watu huenda makaburini, wakavaa nyeusi na zambarau, kwa ajili ya mizimu ya wafu iitwayo Gede. Yuko na mzimu wa ukulima, Azaka, ambaye huchorwa akiwa na kofia ya ukindu na mkoba begani, kama mkulima yeyote maskini.

Mimi ni Muislamu, na kumwabudu asiyekuwa Mwenyezi Mungu ni shirki, iwe Haiti au London. Lakini haki isemwe. Yule wa Haiti alirithi karamu yake kutoka kwa wazazi walioilinda chini ya viboko, na kiazi anachokitoa amekichimba kwa jembe lake. Gardner alifika mlangoni kwa watu hao kama alivyofika kwa Wamalay, akitafuta cha kuchukua.

Sikukuu iliyoshonwa upya

Sheria ya mwaka 1735 iliyohusu uchawi ilifutwa Uingereza mwaka 1951, na Gardner akajitokeza hadharani. Alijiunga na makumbusho ya uchawi yaliyokuwa Castletown katika kisiwa cha Man, na baadaye akayanunua. Mwaka 1954 alitoa kitabu kuhusu uchawi wa siku zile, kikiwa na dibaji ya Margaret Murray. Magazeti yakamvamia naye akafurahi. Alijiita Daktari kwa shahada za chuo ambazo hakuzipata. Katika vilinge vyake watu waliabudu bila nguo, jambo ambalo nalitaja kwa haya na sitalifafanua.

Mwaka 1953 alimwingiza kilingeni mwanamke mwenye akili kali, Doreen Valiente. Bibi huyu alikuwa amesoma sana, na alipozisikia ibada zile alitambua maneno ya Crowley. Akamkabili mwalimu wake. Gardner akakiri kwamba alichokipokea kilikuwa vipande vipande, na mapengo ameyaziba kwa maneno ya watu wengine. Valiente akaziandika ibada upya kwa lugha nzuri, na nyingi ya hizo ndizo zitumikazo hadi leo. Mwaka 1957 wawili hao walifarakana, kwa sababu Gardner hakuacha kutafuta magazeti. Mzee akatoa sheria alizodai ni za kale, na mojawapo ilimtaka kungwi wa kike aachie nafasi yake pindi anapozeeka. Valiente hakudanganyika.

Sasa turudi kwenye sikukuu ya Septemba. Hapo mwanzo vilinge vya Gardner vilikuwa na sikukuu nne kubwa: mwanzo wa Februari, Mei, Agosti na Novemba. Mwaka 1958 wafuasi wake wa Bricket Wood, karibu na London, walitaka na zile siku nne za jua zipewe heshima sawa, naye akaridhia. Hivyo ndivyo zilivyotimia nane, na mavuno yakawa matatu: nafaka mwezi wa Agosti, matunda mwezi wa Septemba, na mwisho wa Oktoba siku ya kuwakumbuka wafu. Jina Mabon, linalotumiwa na wengi kwa siku ya Septemba, lilibuniwa na Mmarekani Aidan Kelly katika miaka ya 1970. Gardner alikuwa amekwisha kufa, hata hakulijua.

Sisemi kwamba wakulima wa Uingereza hawakuwa na sherehe. Walikuwa na karamu za kumaliza kuvuna, na mikate ya ngano mpya mwezi wa Agosti. Nyuzi ni za zamani. Nguo ndiyo mpya, na ushonaji wake umefanywa katika umri wa watu tunaowajua. Nayo imeshonwa na watu wa mjini, ambao ngano yao hutoka dukani.

Kaburi la Tunis

Mkewe Donna alifariki mwaka 1960. Mwaka huohuo kilitoka kitabu cha maisha ya Gardner chini ya jina la Jack Bracelin, ingawa wajuzi wengi huamini aliyekiandika hasa ni Idries Shah, yule mwandishi mashuhuri wa mambo ya Sufi. Majira ya baridi ya 1963 kuingia 1964 mzee Gardner alikwenda Lebanon kutafuta joto. Wakati wa kurudi, tarehe 12 Februari 1964, ndani ya meli Scottish Prince, akiwa mezani kwa kifungua kinywa, moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka 79. Meli ilipotia nanga Tunis akazikwa huko, na inaelezwa kwamba katika watu wa meli nahodha peke yake ndiye aliyehudhuria. Miaka kadhaa baadaye, eneo la kaburi lilipotakiwa kwa matumizi mengine, mfuasi wake mmoja, Eleanor Bone, alifanya mpango mabaki yake yakahamishiwa makaburi mengine mjini humohumo.

Basi yuko pale, katika mji ambao adhana husikika mara tano kila siku, yaani maneno yaleyale aliyoyatamka Malaya akiwa kijana. Kila nikiwaza habari zake hapo ndipo ninapokwama. Mtu huyu alipita Ceylon, Borneo, Malaya na New Orleans. Kila mahali alikuta watu wenye imani waliyoilipia kwa jasho au kwa damu. Kila mahali alichukua kidogo, na mwisho akaijaza ghala yake kwa mavuno ya mashamba ambayo hakuyalima.

Sisi Waislamu sikukuu zetu hufuata mwezi, hazifuati mazao, na hupita katika majira yote. Lakini mavuno tumeyapewa hukumu yake. Nafaka ikifikia kiwango, hutolewa zaka: sehemu moja ya kumi kwa shamba la mvua, na moja ya ishirini kwa lile la kumwagiliwa kwa gharama, na hutolewa pale pale inapovunwa. Hakuna mishumaa wala duara. Kuna gunia la maskini, nalo halichukuliwi na mtu kuwekwa makumbusho. Kijana wetu akialikwa huko ng'ambo kwenye meza ile ya matufaha na maboga, aagane nao kwa adabu, maana ni watu waungwana wengi wao. Lakini akiambiwa kuwa sikukuu hiyo ni kongwe kuliko dini yake, hapo ajue la kujibu.

Wallahu aalam.