Leo Fender: Fundi wa Redio Aliyelikuza Gitaa

Mtu apitaye jioni karibu na ukumbi wa dansi au kanisa la walokole mjini Kampala hulisikia gitaa la umeme kabla hajaliona. Sauti hiyo haitoki katika gitaa lenyewe, bali katika kipaza sauti, lile sanduku liwekwalo nyuma ya mpigaji. Vijana wetu ambao wameanza kulifungua sanduku hilo kwa bisibisi na chuma cha kulehemu wanafuata nyayo, pengine pasipo kujua, za Mmarekani aliyeitwa Clarence Leonidas Fender, au Leo kwa kifupi.

Alizaliwa tarehe 10 Agosti, 1909, karibu na mji wa Fullerton, jimbo la California, ambako wazazi wake walikuwa wakulima wa machungwa. Alipokuwa na umri wa miaka minane alipatwa na uvimbe katika jicho la kushoto, likaondolewa, akawekewa jicho la kioo. Kwa sababu hiyo hakuandikishwa jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, na sisi wanajeshi hatuna budi kukiri kwamba jeshi lile lilikosa fundi hodari wa mawasiliano.

Ajabu ni kwamba chuoni hakusomea umeme, bali uhasibu. Ufundi wa redio aliuanza angali kijana, jamaa yake mmoja mwenye karakana ya umeme wa magari alipompelekea sanduku la vipuri vikuukuu. Katika dhiki ya uchumi ya miaka ya 1930 alipoteza kazi yake ya kuweka hesabu. Ndipo mwaka 1938 akakopa dola 600 akafungua duka la kutengeneza redio pale Fullerton.

Duka hilo ndilo lililokuwa chuo chake. Wanamuziki walimletea vipaza sauti vilivyokufa, naye akaona kwa macho yake mahali vinapofia: maungio yaliyolehemiwa vibaya, transfoma zilizoungua, spika zilizopasuka, masanduku yaliyolegea kwa kurushwa magarini. Yeye mwenyewe hakujua kupiga gitaa kabisa. Kwa hiyo alilazimika kuwasikiliza wapigaji, na nadhani upungufu huo ulimfaa kuliko kipawa.

Vipaza sauti alivyoanza kuviunda katika miaka ya 1940, kwanza pamoja na Doc Kauffman, kisha peke yake tangu mwaka 1946, havikuwa na siri kubwa. Michoro yake ya awali ilitokana na ile iliyotolewa na watengenezaji wa valvu kwa mafundi wote. Nyaya za gitaa zinapotikisika juu ya sumaku huzaa umeme hafifu, sehemu ndogo tu ya volti moja. Valvu ndogo huukuza umeme huo, valvu kubwa huutia nguvu, transfoma huupatanisha na spika, na spika huitikisa hewa. Ubora wa Fender ulikuwa katika mpangilio: vipuri vililazwa juu ya ubao mmoja, kila kimoja kikionekana, hata fundi wa mji wowote aweze kukitoa kilichoharibika na kutia kingine. Wanawake waliovilehemu waliandika majina yao juu ya kipande cha utepe kilichobandikwa ndani.

Kidogo kuliko vyote, kiitwacho Champ, katika umbo lake la miaka ya 1950 kilikuwa na valvu tatu tu na nguvu ya wati zipatazo 5. Wanagenzi wa nchi nyingi huanza kwa kukiiga hicho. Wala kuiga si aibu: mwaka 1962 duka la Jim Marshall jijini London lilikifuata kipaza sauti cha Fender kiitwacho Bassman, na kwa mwigo huo likazaliwa jina jingine kubwa.

Lakini mwanagenzi wa Kampala na aangalie mambo mawili. Vipaza sauti vilivyoundwa kwa soko la Marekani hutaka volti zipatazo 120, hali umeme wetu ni volti 240. Tena ndani ya sanduku la valvu mna volti 300 na zaidi, nazo kapasita huweza kuushika umeme huo hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Hapana budi kuuondoa kwanza kwa rezista, kupima kwa mita, ndipo kutia mkono. Na mkono wa pili ukae mfukoni.

Karibu na mwaka 1960 mpigaji mmoja kijana, Dick Dale, aliviunguza vipaza sauti na spika za Fender kwa ukali wa upigaji wake. Leo hakumlaumu. Alikwenda ukumbini kusikiliza, akarudi karakanani, akaunda transfoma kubwa zaidi na kutafuta spika ya inchi 15 iliyoweza kustahimili.

Mwaka 1965, akiwa mgonjwa na kudhani siku zake zimekwisha, aliiuza kampuni kwa shirika la CBS kwa dola milioni 13. Baadaye akapona. Hakustarehe: alishiriki katika kampuni ya Music Man, kisha akaanzisha G&L pamoja na rafiki yake George Fullerton. Katika uzee alishikwa na maradhi ya kutetemeka, lakini aliendelea kufika kazini. Alifariki tarehe 21 Machi, 1991, akiwa na umri wa miaka 81, pasipo kujifunza kupiga gitaa.