Edward Jenner, Munganga wa Ndui

Zamani ugonjwa wa ndui uliogopwa katika inchi zote. Mtu aliyepatwa nao alishikwa na homa kali, kisha mwili wake ulijaa vipele vyenye usaha. Katika wagonjwa kumi, watatu hivi walikufa. Waliopona walibaki na makovu usoni, na wengine walipofuka. Dawa ya kuwaponya haikuwako.

Edward Jenner alizaliwa tarehe 17 Mei 1749 kule Berkeley, katika inchi ya Uingereza. Alikuwa na miaka mitano tu baba yake alipokufa. Alipofika miaka minane alichanjwa kwa desturi ya siku zile. Waganga walichukua usaha wa mgonjwa wa ndui yenyewe, wakautia katika mkwaruzo mkononi mwa mtu mzima wa afya. Mara nyingi mtu huyo aliugua kidogo, kisha ndui haikumpata tena. Lakini wengine waliugua sana wakafa, au wakawaambukiza jirani zao. Mtoto Edward alinyimwa chakula, akatolewa damu, akafungiwa katika banda la farasi mpaka ugonjwa ulipokwisha. Mambo kama hayo mtoto hayasahau upesi.

Alipokua alijifunza uganga, kwanza karibu na kwao, kisha London kwa munganga mkubwa John Hunter. Baadaye akarudi Berkeley kuwatunza watu wa kwao.

Kule watu walifuga ng'ombe. Mara nyingine wasichana waliokama maziwa walitoka vipele mikononi, kwa sababu ng'ombe walikuwa na ugonjwa wao mwepesi, uitwao ndui ya ng'ombe. Wakulima walijua kwamba msichana aliyepata vipele hivyo hapati ndui ya watu. Mkulima mmoja, Benjamin Jesty, alikuwa amekwisha kuwachanja mke wake na wana wake wawili kwa usaha wa ng'ombe mwaka wa 1774. Waganga wengi waliona hayo ni maneno ya watu wasiosoma. Jenner hakuyadharau. Alitaka kuyahakikisha.

Tarehe 14 Mei 1796 alichukua usaha katika kipele cha mkono wa Sarah Nelmes, msichana mkamaji. Akamchanja nao James Phipps, mtoto wa miaka minane, mwana wa mtunza bustani wake. James aliona homa kidogo, akapona. Tarehe 1 Julai Jenner akamchanja tena, safari hii kwa usaha wa ndui yenyewe. Leo munganga haruhusiwi kumjaribu mtoto namna hiyo. Siku zikapita, watu wakingoja. James hakuugua.

Jenner akawapelekea wataalamu wa London habari hizo, nao wakamrudishia karatasi zake. Basi akaendelea kujaribu, na mwaka wa 1798 akatoa kitabu chenye habari za watu 23.

Wengi walifurahi, lakini wengine walimcheka. Mwaka wa 1802 ilichorwa picha ya watu waliochanjwa wakiota vichwa vya ng'ombe mwilini. Jenner hakuacha. Katika kibanda kidogo bustanini mwake aliwachanja maskini bila malipo. Aliandika barua nyingi sana, akapeleka dawa katika inchi za mbali.

Kupeleka dawa ile mbali kulikuwa kazi ngumu. Waliikausha katika uzi, lakini baharini iliharibika. Kwa hiyo mwaka wa 1803 munganga wa Hispania, Francisco Javier de Balmis, alipanda merikebu kwenda Amerika pamoja na yatima 22. Aliwachanja wawili, kisha vipele vyao vilipoiva, wawili wengine, na hivyo mpaka ng'ambo. Dawa ilivuka bahari katika mikono ya watoto.

Jenner alikufa tarehe 26 Januari 1823. Kinga ilijulikana, lakini watoto wengi wa Uingereza walikuwa hawajachanjwa bado. Kati ya 1837 na 1840 ndui iliua watu karibu 42,000 katika inchi yake mwenyewe. Hapo ndipo serikali ilipoamuru, mwaka wa 1840, kwamba maskini wachanjwe bure.

Ilichukua miaka mingi tena kumfikia kila mtu. Hapa Congo mgonjwa wa mwisho wa ndui alionekana mwaka wa 1971, baada ya wachanjaji kupita kijiji kwa kijiji. Mwaka wa 1977, kule Merca katika Somalia, ndui ilimpata Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Alikuwa ameikwepa sindano kwa kuogopa maumivu. Alipona, na baada yake hakuna mtu tena aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Baadaye Maalin alizunguka inchini mwake, akiwahimiza akina mama wawapeleke watoto wao kupata kinga ya polio.